Wa Mlimani na wa Bondeni Hawachanganywi

Mama mkwe wangu hana haja na maua. Ukimletea ua atakushukuru, ataliweka dirishani, kisha atakuuliza kama kwenu kuna ndizi zilizooza. Vipepeo wake hawanywi kwenye maua. Wanataka ndizi iliyoiva mpaka ikatoa povu, embe lililopasuka, utomvu wa mti uliokwaruzwa. Kwa hiyo tangu niolewe katika nyumba ile, kazi yangu ya asubuhi ni kupita kwa wauza matunda na kukusanya kile ambacho hakuna anayekitaka, ndoo mkononi, mtoto mgongoni, halafu kumpelekea kazini. Wauza matunda wananiita Mama Kuoza. Mwanzoni nilinuna. Siku hizi naitika.

Kazini kwake ni bustani ya vipepeo. Mbele kuna jumba kubwa la wavu lenye mimea, ambamo wageni na wanafunzi huingia kutazama. Nyuma, wageni wasikofika, kuna vizimba sita vya kuzalishia. Kila kizimba ni chumba kidogo cha wavu chenye milango miwili, ili anayeingia afunge wa kwanza kabla hajafungua wa pili. Mama ni mlishaji. Anawapa viwavi majani, vipepeo matunda, anaosha trei, anahesabu. Wenzake wanamwita Mama Viwavi.

Alianza pale kama mfagiaji, mjane wa mwaka mmoja, na mume wangu wakati huo alikuwa hajaota hata meno ya mbele ya pili. Juma la kwanza alifagia majani makavu chini ya vichaka vya kizimba cha mwisho, akajaza kiroba, akakibeba mpaka shimo la kuchomea taka. Alipokiinamisha, majani mawili hayakuanguka. Yaliruka juu. Kwa ndani yalikuwa ya buluu, na mkanda wa rangi ya chungwa. Kwa nje yalikuwa makavu kabisa, yana uti wa jani katikati, yana mishipa, yana hata vidoa vya ukungu. Alipiga magoti pale pale shimoni akachambua kiroba kizima, jani kwa jani, mpaka jua likawa utosini. Alipata tisa wazima na wawili waliokufa. Wale wawili aliwabeba kwenye kiganja mpaka kwa mkubwa wa wakati ule, akamwambia, "Hawa nimewaua mimi. Nifukuze, au nifundishe."

Mkubwa yule alikuwa mzee wa wadudu, mtu wa maneno machache. Alimfundisha miaka kumi na moja.

Alimfundisha kwamba kipepeo jani ana jina moja kitabuni, lakini kila upande una wake. Alimfungulia sanduku la kioo akamwonyesha wa visiwani, wenye rangi ya kutu. Wa nchi kame, waliopauka kama karatasi iliyosahaulika juani. Wa misitu ya mvua, weusi-weusi kama jani lililokanyagwa kwenye tope. Kila mmoja amefanana na majani yaliyoanguka kwao. Na bustani yetu ilikuwa na wa aina mbili, kila aina na kizimba chake. Wa bondeni ni wa rangi ya chai ya maziwa, na mkia wa bawa lao ni mrefu, kama kikonyo cha jani lililochumwa na mtu mwenye subira. Wa mlimani ni wa kijivu, ncha ya bawa imepinda, na mkia ni mfupi, kama jani lililonyofolewa kwa hasira. Hayo ni maneno ya mama, si yangu. Wa mlimani mzee aliwaleta mwenyewe kama mayai, ndani ya kopo la maziwa ya unga, kutoka msitu wa juu.

Msitu ule haupo tena. Ulikatwa mbao, ikapandwa miti ya aina moja, mistari kwa mistari. Mzee alipostaafu mama alipanda huko mara mbili kwa miguu yake, na kopo lile lile.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa alipokuja meneja mpya.

Si mtu mbaya, meneja. Ni kijana, mpole, viatu vyake vinang'aa hata kukiwa na tope, na sijawahi kumsikia akimfokea mtu. Lakini alikuja na haraka zake. Alisoma daftari la maoni ya wageni tangu mwanzo mpaka mwisho, akakuta mtu ameandika: *Tumelipa kuja kuona majani makavu. Nyumbani yapo tele na hayana kiingilio.* Mimi nilicheka mpaka mtoto akaamka. Meneja hakucheka. Aliagiza kutoka mbali pupa, vile vifuko ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, za vipepeo wakubwa wa buluu tupu, wale ambao hata mtu mwenye usingizi atawaona. Wangefika Ijumaa. Walihitaji kizimba.

Jumatatu asubuhi nilikuwa namsaidia mama kumimina ndizi kwenye trei, meneja akaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ukinisalimia kwa sauti hiyo najua umebeba kitu."

Akacheka kidogo. "Nimebeba, ndiyo. Vizimba vyako viwili vya jani. Naona ni kipepeo yule yule. Tuwaweke pamoja kwenye kimoja, kingine tukipate."

Mama aliendelea kuponda ndizi. "Wa mlimani na wa bondeni hawachanganywi."

"Jina lao ni moja, mama."

"Mimi na wewe pia tunaitwa watu. Mbona hatulali chumba kimoja?"

Mfagiaji, mama mmoja mnene aliyekuwa karibu na fagio lake, alijifanya anakohoa. Meneja alivumilia. Alisema amesoma, na kweli alikuwa amesoma. Alisema vipepeo hawa hubadilika kwa majira: waliokulia kwenye mvua wana sura moja, waliokulia kwenye kiangazi wana sura nyingine. "Hiyo tofauti unayoiona ni hali ya hewa tu. Kule mlimani kuna baridi na unyevu. Walete chini, baada ya muda ni wale wale."

Nilidhani mama atapinga. Lakini aliweka mwiko chini, akamtazama kwa heshima ambayo sikuitegemea.

"Hapo umesema neno," akamwambia. "Mvua inabadilisha rangi. Mwaka juzi, mvua zilipokuwa nyingi, hata mimi nilisimama hapa mlangoni nikakosea. Lakini mvua haibadilishi mkia."

"Umejuaje?"

"Nimewalea nyumbani. Chumba kimoja, maji mamoja, joto moja. Muulize huyu mkwe wangu, alinyang'anywa neti ya mtoto."

Ni kweli. Neti ndogo ya mtoto, ile ya kufunika kama mwavuli, mama aliichukua mtoto akiwa na miezi miwili. Aliomba kwa adabu, lakini mkononi tayari alikuwa na sindano ya kuigawa katikati. Akaitundika kwenye kona ya chumba chetu, karibu na kabati la vyombo: upande huu mayai ya wa mlimani, upande ule ya wa bondeni, kila upande na mmea wake kwenye kopo. Mtoto akahamia kitandani kwetu. Mume wangu alilalamika, "Yaani mwanangu anabanwa na viwiko vyangu ili viwavi walale kwa nafasi?" Mama akamjibu kwamba viwavi hawakojoi kitandani. Miezi mitano na ushee, vizazi vitatu. Niliwasikia nikinyonyesha: viwavi wengi wakila pamoja wana mlio mdogo, kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili. Waliokufa kwa uzee mama aliwatoa mabawa, akayabandika kwa gundi kwenye daftari, ukurasa wa kushoto wa mlimani, wa kulia wa bondeni, kila bawa na tarehe.

Kesho yake, Jumanne, alilileta daftari lile limefungwa kwenye kanga. Alimwekea meneja mezani. Mimi nilisimama mlangoni na ndoo.

Meneja alifunua kurasa tatu, nne. Niliona macho yake yakienda kushoto na kulia. Mikia mifupi huku, mirefu kule, mpaka ukurasa wa mwisho. Aliona. Naapa aliona. Kisha akalifunga.

"Mama, hili ni daftari la shule la mistari."

"Ndiyo. Karatasi ya kwako inashuka kutoka mbinguni?"

"Namaanisha si utafiti. Siwezi kupeleka hili kwa wakubwa nikasema kwa ajili ya hili sikuweka vipepeo wapya."

"Usipeleke. Mimi sikukuomba ulipeleke. Nimekuomba uliangalie."

Akasugua paji la uso. "Kesho mchana wahamishe. Tafadhali."

"Tafadhali yako nimeisikia. Sitawahamisha."

Mama alilifunga daftari kwenye kanga yake, pande nne, taratibu, kama anayefunga chakula cha safari, akatoka. Tukashika njia ya kurudi vizimbani. Nilimwona tu anafuta viganja kwenye gauni, mara moja, mara mbili, ingawa havikuwa na kitu. Kazi ile ndiyo iliyomlea mume wangu. Hata mimi, wali ninaokula una jasho la mikono ile. Nikamwambia, "Mama, ukifukuzwa je?"

"Nitafukuzwa nikiwa na akili zangu," akasema. "Shika ndoo, inamwagika."

Jumatano mchana meneja alikuja na wavu wa mkono na boksi la plastiki lenye matundu. Alimwomba mfagiaji aingie kuwashika wa mlimani. Mfagiaji akasema macho yake siku hizi yana ukungu, mbali hawezi, karibu hawezi. Akamwomba mlinzi wa lango. Mlinzi, mtu mrefu mwenye maneno ya mzaha siku zote, akasema yeye kaajiriwa kuzuia vitu visitoke, mambo ya kutoa hakufundishwa. Meneja aliwatazama wote wawili. Hakubishana. Alivua koti, akalikunja vizuri, akalitundika kwenye mpini wa toroli, akaingia mwenyewe.

"Wako wangapi?" akauliza kutoka ndani.

"Thelathini na mmoja," mama akajibu. Aligeuza ndoo tupu, akaikalia nje ya mlango, akaanza kumenya ndizi.

Kizimba kile si kikubwa. Hatua sita kwenda, hatua nne kukata. Unaweza kufikiri ni kazi ya dakika kumi. Lakini mchana ule walikuwa wameshakula na kutulia, na kipepeo jani akitulia hufunga mabawa, huweka mkia wake kwenye kijiti kama kikonyo, huficha kichwa, basi. Umekwisha. Unamtazama na humwoni. Meneja alizunguka. Alifunua kichaka, akaangalia chini, akaangalia juu, akasimama mikono kiunoni. Jasho lilianza kumchora shati mgongoni. Baada ya muda mrefu tulimsikia akisema, "Nimempata!" Wavu ukashuka kwa kishindo.

Mlinzi alisogeza uso kwenye wavu wa kizimba. "Bosi, hilo ni jani."

"Na hili?"

"Hilo sijui. Limeninyamazia."

Mfagiaji alicheka mpaka akaegemea fagio. Mtoto wangu naye, asiyejua lolote, akacheka kwa kuwa watu wanacheka. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa anamenya ndizi, na nilipotazama vidole vyake, ndizi ilikuwa imeshapondeka yote mkononi ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na bado alikuwa anaiminya. Kila wavu uliposhuka, bega lake lilishtuka.

"Mama, si unionyeshe tu," meneja akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Wewe unawaona wote kutoka hapo ulipokaa."

"Nawaona."

"Nionyeshe basi."

"Siku ukija bila wavu nitakuonyesha mmoja mmoja, na nitakwambia yupi mama wa yupi."

Alikaa mle ndani zaidi ya saa mbili. Alipotoka, nywele zina majani, kiatu kimoja kimeingia trei la embe, alikuwa na vipepeo wanne kwenye boksi. Wanne tu. Lakini wanne walikuwa wanne. Alifunga mlango nyuma yake akageuka kwenda kizimba cha bondeni, kilicho jirani.

Mama alikuwa amekwisha kusimama pale. Sikumwona akiinuka. Ni mwanamke mfupi, anafika kifuani kwa meneja, na mkono wake mmoja ulikuwa umepakaa ndizi mpaka kiwikoni. Mgongo wake uliegemea mlango.

"Nipishe, mama."

"Sikupishi."

"Unajua naweza kukuandikia barua ya onyo."

"Niandikie. Iandike kwa herufi kubwa, macho yangu yamechoka. Lakini humu nao huingii."

"Ni vipepeo wanne!"

"Najua kuhesabu." Sauti yake haikupanda. "Wanne hawa wakizaa na hawa wa humu, mwakani kuna mtu atakuja kuniuliza, mama, wa mlimani wakoje? Nitamwonyesha nini? Mkia wa huyu na rangi ya yule, kiwavi anayekataa mmea huu na anakufa kwenye mmea ule? Nitamwambia subiri nikachukue wengine? Wapi? Nimepanda kule mimi. Mara mbili. Mara ya pili nililala kwa watu nikaamka nikatafuta tena. Nilirudi na kopo tupu. Sasa wewe umesoma, baba, umenizidi. Niambie pa kwenda kuchukua wengine, nami nitakufungulia mlango huu kwa mkono wangu."

Mlinzi alikuwa ameacha mzaha. Ndani ya boksi kipepeo mmoja alikuwa anapiga mabawa, buluu, kijivu, buluu, kijivu, na bawa lake moja la chini lilikuwa limekatika, linaning'inia. Meneja aliliona. Aliinua mkono wake akatazama vidole. Vilikuwa vimeshika ule unga wa buluu unaotoka kwenye mabawa.

Hakumpa mama boksi. Nadhani ingekuwa nyingi sana kwake. Aliinama akaliweka chini, kati ya miguu yao, akachukua koti lake.

"Barua utaipata," akasema.

"Nipo," mama akasema.

Meneja alipokwisha kukata kona, mama alilichukua lile boksi, tukaingia nalo kizimba cha mlimani, na kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vinateleza kwa ndizi, mimi ndiye niliyefungua kifuniko. Watatu waliruka, na kabla sijapepesa macho walikuwa wameshakuwa majani. Wa bawa bovu alimweka kwenye kichaka karibu na mlango, akamsogezea kipande cha ndizi mpaka mdomoni, kama unavyomsogezea mtoto mgonjwa.

Ijumaa pupa za wale wakubwa wa buluu zilifika. Kizimba hakikuwepo. Meneja alizitundika ofisini kwake, kwenye kamba, juu ya rafu za mafaili, na zilipoanza kupasuka alifanya kazi juma zima madirisha yamefungwa na vipepeo wametua kwenye karatasi zake. Mfagiaji anasema alimkuta anasaini kitu huku amemzungushia mkono kipepeo asimfunike. Sijui kama katia chumvi.

Barua ya onyo ilikuja nyumbani Jumatatu mchana, ina muhuri. Mama hakunipa nimsomee. Alikaa mlangoni kwenye mwanga, akaisoma kwa kidole, neno kwa neno, ikamchukua muda wa kupika maharage. Ilisema amekaidi amri halali, na ajibu kwa maandishi ndani ya siku tatu.

"Mwandiko wako mzuri kuliko wangu," akaniambia. "Chukua kalamu."

Niliandika kwenye karatasi ya mistari, mtoto magotini akiivuta. Kwa mazoea nilianza na samahani, kama tulivyofundishwa shuleni kuandika kwa wakubwa. Mama aliisogelea karatasi, akaliona lile neno.

"Hilo nani kalisema?"

"Ni heshima tu, mama."

"Heshima nitamwamkia akinipita. Toa hilo."

Nilichukua karatasi nyingine. Akanitamkia, nami nikaandika kama alivyosema, bila kuongeza:

*Kwa Meneja. Barua yako nimeipata na nimeisoma mwenyewe. Ni kweli nilikataa. Ukiniamuru tena nitakataa tena. Leo asubuhi saa tatu wa mlimani waliokuja kula ni thelathini. Mmoja alikufa juzi, yule aliyevunjika bawa siku ulipoingia. Alikuwa jike. Kabla hajafa alitaga mayai kumi na mawili, yako nyuma ya majani ya kichaka cha kwanza kulia mlangoni. Ukitaka kuyaona njoo, nitakuonyesha. Wavu uache ofisini. Mimi, Mlishaji.*

Akatia sahihi yake, ile ya herufi nne zilizosimama wima, akaikunja, akarudi nayo kazini. Aliibeba mkononi, wazi, kila mtu aione.